Mama Waya, Wifi Yake na Kompyuta ya Mwalimu

Mama Waya hakuwa mama wa mtu. Jina hilo alipachikwa na wateja kwa sababu hakuonekana bila waya shingoni, leo wa chaji, kesho wa skrini, naye akalipokea kama wengine wanavyopokea cheo. Duka lilikuwa la wawili, yeye na mdogo wake wa kiume: chumba kimoja kirefu kati ya duka la dawa na fundi viatu. Mdogo wake alikaa mbele akiuza mausi na kibodi. Yeye alikaa nyuma, kwenye meza iliyojaa kompyuta zilizopasuliwa matumbo. Kwa miaka kumi na mmoja, kila aliyeingia na mashine mbovu aliambiwa neno moja tu: "Nenda kwa dada."

Kisha mdogo wake akaoa.

Bibi harusi alikuwa fundi cherehani. Mwezi wa kwanza alikuja dukani kumletea mumewe chakula. Mwezi wa pili akaanza kufuta vumbi. Wa tatu akauliza kwa nini kompyuta hii ina feni tatu na ile ina moja, na Mama Waya akamweleza kwa furaha, maana hakuna asiyependa kuulizwa. Laiti angejua! Kabla mwaka haujaisha, yule bibi harusi alikuwa na meza yake karibu na dirisha, na alikuwa anaunda kompyuta za gemu za bei ya mtu wa kawaida, akiokota vipande vilivyotumika, prosesa, ule ubongo wa mashine, huku, kadi ya kuchora picha kule, mpaka vikaelewana kama ndugu wa tumbo moja.

Kwa kuwa Mama Waya alimwita wifi, wateja nao wakamwita Wifi. Hapo ndipo mizaha ilipoanza. Mlangoni palikuwa na tangazo la mtandao wa bure, na kila siku lazima atokee mcheshi mmoja wa kuuliza, "Wifi ipo?" Mdogo wake akijibu kwamba ipo, jamaa anacheka: "Sisemi hiyo, nasema Wifi yupo?" Duka zima linaangua kicheko. Mama Waya naye alicheka, meno nje, roho ndani ikimchoma kama pasi. Miaka kumi na mmoja hakuna aliyewahi kumtungia mzaha.

Mchana wa Jumanne moja aliingia mwalimu mstaafu wa jiografia, mzee mrefu aliyevaa koti hata kwenye joto.

"Shikamoo, mwalimu," walisema wote watatu.

"Marahaba wanangu." Akakaa, akaweka kofia magotini. "Nimefundisha ramani ya dunia miaka thelathini na minne, na ndege sijaipanda hata siku moja. Nimesikia kuna gemu ya kurusha ndege, unaruka juu ya miji yenyewe, mito yenyewe. Nataka kompyuta ya kuichezea. Lakini mjue, nina pensheni tu, sina zaidi."

Mama Waya alinyanyuka kabla Wifi hajafungua mdomo. "Hiyo niachie mimi, mwalimu."

Wifi hakubisha. Mzee alipolipa na kuondoka, Wifi alikata kipande cha karatasi, akaandika kwa ile hati yake ya kuandikia vipimo vya nguo, na kukiweka kwenye meza ya Mama Waya. Kilisema: *Gemu ya ndege inakula sana prosesa. Tuchukue prosesa nzuri, kadi iwe ya kati tu. Skrini yake ni ya kawaida, kadi kubwa haitapata kazi.*

Mama Waya alikisoma mara mbili. Kilichomuuma ni kwamba hakikuwa na kosa. Kama Wifi angekosea hata neno moja, Mama Waya angekirudisha kwa tabasamu. Akakikunja, akakitia mfuko wa aproni, na alasiri hiyo hiyo akaenda kwa wauza vipande vilivyotumika akarudi na kadi ya picha kubwa ajabu, ndefu kama mkono mpaka kiwikoni, feni tatu, taa pembeni. Pesa ya mwalimu karibu yote ikaishia hapo. Iliyobaki ikatosha prosesa ya chini kabisa inayoingia kwenye mazabodi, ule ubao unaobeba vipande vyote. Alijua ni ndogo. Lakini alijua pia kwamba mtu akifungua kompyuta ile atakachokiona ni kadi, na atauliza nani kaiunda.

Ijumaa mwalimu alikuja na mkewe. Fundi viatu naye akaacha nyundo akaja kuchungulia. Mama Waya akawasha, na taa za kadi zikawaka zambarau.

"Loo!" alisema mke wa mwalimu. "Kama maduka ya vito."

Mama Waya alimtupia Wifi jicho moja la pembeni. Alikuwa hajajisikia vile kwa muda mrefu.

Ndege ikaruka vizuri kutoka uwanja mdogo wa porini. Mwalimu alishika kijiti cha kuongozea ndege kwa mikono miwili kama anayebeba trei ya mayai. Ikapita juu ya mashamba, ikapita juu ya ziwa. Kisha mji ukaanza kutokea mbele, majengo mamia kwa mamia, na picha ikaanza kuganda. Ikasonga kidogo, ikaganda. Ndege ikaruka kwa vipande, kama mtu mwenye kwikwi, na mara ikawa imelala ubavu juu ya paa za watu.

"Labda ndivyo ndege zinavyokwenda mjini," alisema mwalimu kwa upole. Upole ule ulikuwa mbaya kuliko matusi.

"Ni waya wa skrini," alisema Mama Waya. Akabadilisha waya. Ikaganda. "Ni gemu yenyewe, haijakamilika kujipakua." Ilikuwa imekamilika. Jasho lilimtoka mgongoni, na fundi viatu, ambaye hakujua chochote kuhusu kompyuta, alikuwa akitikisa kichwa.

"Samahani, wifi," ilisema sauti nyuma yake. "Hebu shusha ubora wa picha mpaka chini kabisa. Kama kadi ndiyo inayochoka, mchezo utakuwa mwepesi."

Hakuwa na namna. Akashusha. Majengo yakawa kama maboksi, maji yakawa kama zulia, na ndege ikaendelea kuganda vile vile. Wifi akafungua dirisha la vipimo pembeni mwa skrini: kadi ilikuwa inafanya kazi chini ya nusu ya uwezo wake, prosesa imejaa mpaka juu.

"Inamaanisha nini?" aliuliza mke wa mwalimu.

Wifi alifikiri kidogo. "Mama, nilipokuwa nashona, tulikuwa wawili. Mwenzangu anakata kitambaa, mimi nashona. Yeye akiwa mzito, mimi hata nikiwa na cherehani ya umeme, nitakaa nangoja kitambaa. Hapa kadi ni mshonaji hodari. Mkataji ndiye hawezi."

"Sasa si ungesema mapema?" Mdogo wake Mama Waya alimgeukia mkewe. "Jumanne hukuniambia utamwandikia dada?"

Mama Waya alihisi kile kikaratasi mfukoni kama kaa la moto. Alingoja. Neno moja tu la Wifi lingemmaliza mbele ya mwalimu, mbele ya mke wa mwalimu na mbele ya fundi viatu, ambaye angelitangaza mtaa mzima kabla ya jua kutua.

"Sikumweleza vizuri," alisema Wifi. "Mwalimu, tupe mpaka Jumatatu. Kadi hii ina watu wanaoitafuta. Tutaibadilisha kwa ya kati na prosesa nzuri, hutaongeza kitu."

Mwalimu akakubali, na wote wakatoka, mume wa Wifi akiwasindikiza. Wakabaki wanawake wawili na kompyuta inayowaka zambarau.

Ungedhani Mama Waya alishukuru. Hakushukuru. Alimwangalia yule mke wa mdogo wake akifungua skrubu za kadi kwa vidole vile vyepesi, na akamchukia zaidi kuliko asubuhi. Kushindwa kazi ni kitu kimoja. Kusitiriwa na aliyekushinda, hilo lilikuwa halimezeki. Akatoa karatasi, akaibwaga mezani.

"Niliisoma," alisema. "Nikaificha."

"Najua. Pembe yake inatokeza kwenye aproni yako tangu Jumanne."

"Na ukanyamaza! Ili uonekane malaika, mimi shetani?"

Wifi aliweka bisibisi chini. "Ningesema ungeniambia nakutafuta ubaya. Nimenyamaza unaniambia hivyo hivyo. Basi nikuambie wazi, wifi: leo nimekusitiri kwa sababu wewe ndiye uliyenifundisha feni ni nini. Ukirudia, nitasema, na nitasema kwa sauti."

Mama Waya akaiokota karatasi, akaikunja tena. Alikuwa amezoea kumwona mpole, na hakujua kwamba upole ule ulikuwa na mfupa ndani.

Jumamosi aliibeba kadi mwenyewe kwa wauzaji, akavumilia kuchekwa na yule aliyemuuzia, akarudi na kadi fupi isiyo na taa hata moja, pamoja na prosesa aliyoitaja Wifi. Jumatatu mwalimu aliruka juu ya mji wote bila kuganda, akavuka bahari, akawa anamtajia mkewe visiwa kimoja kimoja kwa sauti ya darasani, na mkewe akimwambia aangalie mbele asije akawaua. Alipoinuka alimshika Wifi mikono yote miwili akamshukuru muda mrefu. Kisha akageuka. "Na wewe pia, mwanangu."

*Na wewe pia.* Mama Waya aliyatafuna maneno hayo siku nzima.

Wiki iliyofuata mwalimu alileta wastaafu wenzake wawili, na wote walikuja kwa Wifi. Mama Waya aliwavutia viti karibu na dirisha, akaenda nje kunywa maji. Aliporudi, Wifi alikuwa amemnyooshea kidole mmoja wao.

"Mzee huyu laptopu yake imevunjika bawaba. Hiyo mimi siiwezi, wifi. Nitaiharibu."

Mama Waya alichunguza uso wake, akatafuta huruma ndani yake ili apate cha kukasirikia. Hakuiona. Ilikuwa kazi tu, na kweli Wifi hakuiweza. Akavuta taa, akaigeuza laptopu kichwa chini, akaanza kufungua. Wivu haukuwa umeondoka. Ulikuwa umekaa pale pale kifuani. Lakini bawaba zile zilikuwa ngumu, zikamchukua mpaka adhuhuri, na katika muda huo wote hakuinua macho kutazama meza ya dirishani.