Fundi Anakwenda Kufariji

Fundi cherehani alifunga duka akiwa na miaka hamsini na mbili, akaenda chuo cha uchungaji, na chuo kikamtoa jasho kuliko cherehani. Macho yalimuuma kwa kusoma. Mgongo ndio usiseme. Siku hiyo mwalimu alimtuma akamfariji mjane, mteja wake wa zamani. Sala aliyoikariri njia nzima ikamtoka kichwani mlangoni. Akamshika mama wa watu mkono, juu ya kiwiko, na vidole vikafanya kazi viliyoizoea miaka thelathini.

"Inchi kumi," ikamponyoka.

Akatamani ardhi ipasuke immeze.

"Zamani uliniandika kumi na tatu," mjane alisema, machozi yakimlengalenga. "Mwezi mzima watu wananiombea hapa, Fundi. Hakuna aliyeona kwamba sili."