Shafti Isiyobeba Gari

Gurudumu la nyuma likikupita ukiwa bado unaendesha, hutalisahau. Langu lilinipita upande wa dereva, kwenye ule mteremko wa mawe unaoshuka kutoka vilima vya Samia kuingia Funyula, likaenda mbele yangu kama lina safari yake. Nililitazama tu. Kabla sijajua ni la nani, pikapu ilikaa chini kwa mkia, ikalala ubavu, ikanibana mguu. Mke wangu alikuwa kando yangu, magunia yake ya omena, wale dagaa wa ziwani, nyuma. Mimi nina chuma ndani ya mguu mpaka leo. Yeye mkono wake wa kulia haupandi kupita bega.

Watu wanaita ajali. Mimi siiti hivyo. Aliyefanya ni fundi mmoja wa Busia, mwenye karakana ya mabati upande wa kwenda Bukhayo. Jina lake siandiki, lakini akisomewa hapa atajijua. Aliniambia ameniwekea shafti mpya, kile chuma kinachozungusha gurudumu la nyuma. Iliyokatika ilikuwa imechomelewa katikati, ikasuguliwa mpaka ikang'aa, ikapakwa rangi nyeusi. Pale ilipokatikia palikuwa na vishimo kama vya mkate. Nilimpelekea kile kipande nikitembea kwa magongo. Alikigeuza mkononi, akasema, "Mzee, chuma ni chuma. Barabara zenu ndizo mbaya." Siku hizi kipande hicho kinazuia mlango wetu wa jikoni.

Tangu hapo mke wangu hakupanda pikapu. Niliitengeneza, nikaanza tena kubeba muhogo na mawe ya kujengea, lakini yeye na omena yake walikwenda kwa bodaboda, mkono wake mzima ukishika kamba ya gunia. Tulitoka boma moja kwenda soko moja, kila mtu na vumbi lake. Sokoni waliniuliza, "Mzee, mama amekataa gari ama amekukataa wewe?" Swali hilo liliniuma kuliko mguu.

Kwa hiyo niliamua kutoa ekseli yote ya nyuma, bomba pamoja na shafti zilizo ndani yake, na kuweka nzito zaidi. Nieleze kidogo, maana wengi wanaendesha bila kujua wamekalia nini. Katika ekseli ya pikapu yangu ya zamani, shafti ilikuwa na kazi mbili: kuzungusha gurudumu na kubeba gari. Ikikatika, gurudumu linaondoka nayo. Katika ekseli ya lori dogo, uzito unakaa juu ya lile bomba la nje, na gurudumu linashikwa na beringi juu ya bomba hilo. Shafti iko ndani, inazungusha tu. Ikikatika utasimama njiani, lakini utasimama na magurudumu yako yote. Haya nilifundishwa na dereva wa trela tuliyelazwa naye wodi moja. Shule niliacha mapema, lakini hapo kitandani nilisikiliza vizuri.

Nilianza kutafuta Malaba, mpakani. Huko malori yanakaa foleni sana, na lori likikaa sana linapungua, kipuri kimoja kimoja kinaingia sokoni. Sasa, sisi wanunuzi wa huku tuna ugonjwa wetu: hatununui chuma kilichopakwa rangi. Rangi inaficha. Tunataka chenye matope na oili, ndiyo tuamini kimefunguliwa jana. Wauzaji walishaujua ugonjwa huo.

"Boss, hii imetoka kwa lori la Lodwar," muuzaji aliniambia, amekalia ekseli kama benchi. "Huko ni mchanga mtupu. Beringi zake hazijui maji."

Nilikwaruza tope kwa ukucha. Lilikuwa jekundu, bichi, na ndani yake kulikuwa na ganda la muhogo.

"Lodwar wanalima muhogo siku hizi?"

"Si lori lilipita Busia likija?"

Nilimwonyesha kile kibao ambacho springi inakalia. Ekseli ikiwa chini ya gari, hapo tope haliwezi kuingia, springi imepabana kabisa. Lakini tope lilikuwa limejaa, hata alama za vidole vya aliyepaka zilionekana.

"Boss, wewe ni mnunuzi ama ni polisi?"

"Mimi ni mgonjwa," nikamwambia, nikaondoka nikichechemea. Yeye pia namweka kwenye hesabu ya wauaji, hata kama hajanipata mimi. Atampata mwingine.

Nikaona afadhali ninunue ekseli ambayo bado iko chini ya gari lake, niitoe mwenyewe. Nikasikia kuna mzee mmoja huko Adungosi ana lori dogo la fowili, linalovuta kwa magurudumu yote manne, limesimama nyuma ya nyumba, kuku wanataga kwenye kiti cha dereva.

"Kwa nini unauza?" nikamuuliza.

"Macho, mwanangu. Yamekwisha."

Sikuamini. Watu wanaouza gari bovu wote wana ugonjwa siku hiyo. Nikamwangalia. Aliletewa birika, akanimiminia chai mwenyewe, na alitia kidole ndani ya kikombe ili ajue chai imefika wapi. Chai ilikuwa ya moto. Hapo niliacha kumshuku yeye, nikabaki kushuku ekseli.

Nilichomoa shafti zote mbili. Nikazipangusa kwa mafuta ya taa, nikazifuta zikakauka, nikazinyunyizia unga wa muhogo. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatatoka polepole na kuchora mstari kwenye unga. Huo pia ni ujuzi wa wodini.

"Nasikia harufu ya unga," mzee akasema. "Unasonga ugali juu ya gari langu?"

"Natafuta ufa, mzee."

"Haya. Ukimaliza, unga uwaachie kuku."

Unga ulibaki mweupe. Nikapangusa, nikarudia. Mweupe tena. Halafu nikapima kama difu ile, yale meno ya katikati yanayozungusha shafti, inazunguka sawa na ya mbele kwenye pikapu yangu, ambayo nayo ni fowili, maana zikitofautiana, ukiweka fowili zinavutana mpaka kitu kinavunjika. Zilikuwa sawa. Nilikaa hapo nikitafuta kosa lingine, kwa sababu jambo likija rahisi mimi hushtuka.

Kosa lilikuja baadaye, nilipokwisha kuilipia na kuitoa. Ekseli ya lori ni pana kuliko springi za pikapu, lazima vile vibao vikatwe na kuchomelewa upya, na ni lazima vichomelewe na mtu mwenye mashine kubwa na mkono usiotetemeka. Niliuliza Busia yote. Kila mtu alinielekeza kwenye karakana ile ile ya mabati.

Nilikwenda. Nilichukua kiti changu, nikakaa mbele ya fundi yule tangu alipowasha mashine.

"Mzee, unanilinda kama mwizi," akasema.

"Ndiyo."

"Kazi yangu inajulikana."

"Naijua. Niko nayo mguuni."

Watu waliokuwa wakisubiri magari yao walicheka, yeye hakucheka. Alichomelea polepole, akinionyesha kila mstari kabla ya kuendelea. Alipofika mwisho alinyoosha mkono achukue msasa. Nikamwambia asisugue, na rangi asipake. Nataka kuona kidonda kama kilivyo. Akaacha. Kazi ilikuwa safi, siwezi kusema uongo. Lakini hata leo najiuliza, kama anaweza hivi, kwa nini mara ile alifanya vile? Hajaniomba msamaha, na mimi sijamsamehe.

Ekseli ilipokwisha kufungwa, nyumbani nilipakia mawe kwenye pikapu, nikamwita mke wangu. Nikafungua zile nati za katikati ya gurudumu, nikachomoa shafti yote, nikamwekea miguuni.

"Mama, shafti ndiyo hiyo. Gari limeanguka?"

Akazunguka, akainama akachungulia. "Halijaanguka."

"Basi utapanda?"

"Hapa limesimama, baba watoto. Mimi sikuumizwa na gari lililosimama."

Siku ya soko tulitoka nyumbani, vilimani Samia. Alikubali kupanda mpaka juu ya mteremko ule ule wa mawe, mkono kwenye kitasa cha mlango njia yote. Pale juu akasema, "Simama." Akashuka. "Teremka wewe. Mimi nakuja kwa miguu."

Nikateremka polepole. Kwenye kioo nilimwona nyuma yangu, gunia moja la omena kichwani, hatazami jiwe wala shimo, macho yake yako kwenye gurudumu la upande wangu. Gari likiyumba anasimama. Likitulia anatembea. Mguu wangu ulikuwa unauma kwa kukanyaga breki, na sikujua ni nani kati yetu anayemwogopa mwingine.

Chini nikasimama. Alifika, akapiga lile gurudumu teke moja la nguvu. Akanusanusa.

"Breki ya huku inaungua," akasema.

"Nilikuwa nimeikanyaga."

"Usiikanyage hivyo tena."

Akafungua mlango, akaingiza gunia kwanza, halafu akaingia yeye, akalipakata mpaka Funyula.