Nilivyowakamata Wahariri Hewa

Jamani, mimi nimeshajicheka vya kutosha, sasa ni zamu yenu.

Ni mhadhiri, Mkenya, hapa Durban. Wiki jana niliitwa kwenye jopo la kupima ubora wa majarida ya kitaaluma ya nchini. Jarida likifeli, makala zake hazihesabiwi tena. Basi nilikwenda nimejipanga, tai mpya na kalamu nyekundu.

Jarida la kwanza tu, nikalivamia. "Hii bodi ya wahariri ni hewa! Majina ya kupamba ukurasa. Naapa hakuna hata mmoja anayejua kama yumo."

Mwenyekiti wetu, profesa mama kutoka Burundi, aliuliza kwa upole, "Uko na hakika, Daktari?"

"Kabisa, Mama Profesa. Mpigie yeyote!"

"Sawa. Huyu wa tatu iko hapa hapa Durban."

Akabonyeza namba, akaiweka simu mezani. Nikaegemea kiti, natabasamu kama bwana harusi.

Ndipo kwaya ya kanisa letu ikaanza kuimba, kwa sauti zote nne, ndani ya mfuko wa koti langu.

"Eish," akasema mama. "Pokea basi, Daktari."