Siprè za Abigaïl Nyuma ya Kanisa

Umekwisha kuona mutu anakaribia kufukuzwa mu nyumba juu miti kumi na mbili imekauka?

Mi nimeona. Hapa hapa Bungulu, mu Beni.

Jina langu Eliane, ninauzisha miche ya miti kando ya barabara. Ni mukatolika, donc mambo ya ile kanisa ya Baprotestanti jirani nilikuwa ninaiangalia kwa mbali na ninaseka.

Bao balitaka lupango ya siprè, uzio ya miti, kuzunguuka kiwanja yote. Musimamizi: Ancien Lusenge, muzee wa kanisa. Ule baba koti yake imenyooshwa kuliko akili yake. Hata muhogo hajapanda tangu azaliwe, lakini anafundisha batu kulima.

Akagawa kazi. Bakubwa ba kanisa, upande wa barabara, jua tupu. Nyuma, chini ya miti mbili mikubwa ya avoka, kwenye jua inaingia kidogo tu saa sita, akamupa Abigaïl.

Abigaïl ni mujane, alitoka Luofu na batoto babili. Anafagia kanisa, anailinda, na kwa hiyo bamemupa kanyumba mu kiwanja. Kwengine hana.

Siku ya kupanda Lusenge akahubiri. Mukono safi, muti unashika. Mukono wa zambi, muti unakauka. Batu bote bakaitika amina, hata mumoja mwenye diplome ya sheria.

Miezi mbili, upande wa barabara kijani. Nyuma, siprè za Abigaïl zote zikakuwa manjano, kisha kuni. Akapanda tena. Zikakauka tena.

Basi bamama bakaacha kumusalimia kwa mukono. Lusenge akatangaza: apande mara ya tatu, na zikikauka mbele ya sikukuu ya mavuno, atoke mu nyumba. Eti mulinzi wa nyumba ya Mungu hawezi kuwa mutu mwenye anaficha kitu.

Niliseka mpaka mbavu zikauma. Kanisa muzima, na hakuna hata mumoja wa kuinua macho aone miti yenye iko juu ya kichwa yake.

Asubui moja Abigaïl akafika kwangu. Alikuwa amefunga siku tatu, midomo imekauka. Akanielezea ginsi kila muche anaupa kikombe moja ya maji asubui na moja mangaribi, na anauombea.

Kisha akauliza polepole:

— Maman Eliane, weye unajua miti. Uniambie ukweli. Mukono yangu iko mubaya?

Nikachukua jembe, nikamuambia twende.

Hapana siprè tena. Siprè inataka jua. Tukaleta dracaena, ile ya majani marefu batu banapandaka ku mipaka ya mashamba, yenye kuvumilia kivuli.

Lakini hata ile, ukiitupa tu chini ya avoka, itateseka. Mizizi ya avoka inakunywa kila kitu. Tukachimba mashimo ya upana, tukakata mizizi midogo, tukaweka mboleo ya mbuzi yenye imeoza vizuri. Nikamukataza vikombe vyake: maji mingi mara moja, polepole, ishuke chini, kisha ungoje siku tatu. Juu ya udongo maganda ya maharagi, bila kugusa shina. Nikapanda juu ya ile miti ya avoka mi mwenyewe, nikakata matawi ya chini.

Lusenge akapita, akauliza hii ni siprè ya namna gani. Nikamuambia ya kivuli. Akaitika na kichwa kama mutu mwenye kujua.

Juma ya ine, majani mapya.

Sikukuu ya mavuno nikaingia mu kanisa yao, nikakaa benchi ya nyuma. Lusenge akamuita Abigaïl mbele ya bote, akasema Mungu amemusamehe huyu mama zambi yake, na miti ni ushuhuda.

Batu bakapiga makofi. Abigaïl akainamisha kichwa. Alimuamini Lusenge.

Pale kicheko ikaniishia. Nikasimama.

— Zambi ilikuwa yangu. Zile siprè niliuzisha mi. Nilijua tangu siku ya kwanza haziwezi kushika mu kivuli.

Njo vile. Lusenge alifika kununua na kiburi, hakuuliza kitu, na mi nikasema mu roho: acha bapande, tutaseka. Nilibazarau bote. Mwenye kulipa akakuwa Abigaïl.

Nyumba Abigaïl amebaki nayo. Lusenge hanunui tena kwangu, na hiyo hainiumizi hata kidogo.

Mais siku ile, inje ya kanisa, Abigaïl aliniuliza kitu moja.

— Wakati nilikuwa ninafunga, weye ulikuwa unajua?

Nikaitika. Akaingia kwake, akafunga mulango.

Donc weye mwenye unajuaka kila kitu na unakaa kando unaseka bajinga, angalia vizuri kati yao nani anaumia. Sema mapema. Kuseka utaseka kisha.