Mzigo wa Kuni Kwenye Kona ya Kijito

Sinywi, sivuti, na siku hiyo nilikuwa nimekula nikashiba. Nasema mapema, kwa sababu watu wakinisikia hutafuta kwanza kasoro kichwani mwangu. Haya niliyaona kwa macho yangu, saa saba mchana, jua likiwa utosini.

Shule niliiacha darasa la sita, na tangu hapo sijakaa sehemu moja mwaka mzima. Nimeishi Mtoni, nimeishi Ubungo. Nikiona njia ambayo sijaipita, miguu inaniwasha. Ndiyo maana Mzee Sadiki wa Kawe aliponitafuta sikujiuliza mara mbili. Zamani alikuwa mlinzi wa msitu. Sasa amestaafu, anaongoza kikundi cha watu wa maofisini wanaotembea Jumamosi kupunguza vitambi. Alitaka nimtafutie njia kwenye msitu mmoja huko nyuma ya Mbezi: ianzie getini, ifuate kijito, izunguke irudi pale pale. Isiwe ngumu, isiwe ya kitoto. Nifunge vitambaa vyekundu kwenye miti ili wasipotee.

"Ukifuata kijito utaona kona yenye kidimbwi," aliniambia. "Hapo panda kulia. Naijua hiyo, nimewazungusha wengi." Akacheka. "Ila usinichoree ramani, la sita wewe."

Nilicheka naye. Moyoni sikucheka.

Jumatano nikaingia msituni. Kilikuwa kiangazi, maji ya kijito hayapiti kifundo cha mguu. Nikafunga vitambaa mzunguko mzima, kisha nikairudia njia kuihakiki, huku naonja matunda nisiyoyajua, ndivyo nilivyo. Kufika tena kwenye kona, nikamkuta mama amesimama katikati ya njia na mzigo mkubwa wa kuni kichwani, juu ya ngata ya kanga iliyopauka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nitue, baba."

Niambie, wewe ungekataa? Mtu akikuomba umtue mzigo unamtua, hata kama humjui. Nikaushika. Wallahi, ulikuwa mzito kama gunia la mchanga, na ulikuwa unachuruzika maji. Msitu mzima mkavu, majani yanapasuka chini ya viatu, kuni zake zinachuruzika! Nikauweka pembeni ya njia. Yeye akanyoosha shingo taratibu, kama mtu asiye na hakika kwamba bado inanyooka.

"Pumzika kidogo, nitakutwisha," nikamwambia. Ndiyo desturi, aliyekutua ndiye anayekutwisha.

"Usinitwishe. Huu una mwenyewe. Atapita lini?"

"Nani, mama?"

"Anayezungusha watu."

Mjinga mie, nikamjibu: Jumamosi, na kikundi chake. Akaitikia kwa kichwa, akaelekea kidimbwini. Kidimbwi chenyewe hakifiki goti. Aliingia mpaka utosi ukazama, na maji hayakutikisika.

Nilikimbia mpaka getini, kwa mama mmoja anayeuza chai. Nikamsimulia huku nahema. Hakushangaa. Aliniuliza tu, "Alikuwa na ngata?" Kisha akanieleza. Mwaka mmoja wa mvua nyingi, Mzee Sadiki alimkamata mama huyo akiokota kuni. Angeweza kuzichukua na kumwachia aende zake. Badala yake akamtwisha mwenyewe, akamzungusha msituni, yeye nyuma na fimbo. Mzunguko wa tatu, pale kwenye kona, maji yakamchukua. Mlinzi akasema mama alikimbia akateleza. Nani angebishana na mtu mwenye sare?

Hata hivyo nilimpigia simu. "Mzee, unamkumbuka mama wa kuni, pale kwenye kona?"

Akasema, "Wezi wa kuni walikuwa wengi. Kazi yako ni kufunga vitambaa." Akakata.

Nilikuwa na siku mbili za kurudi kuvihamisha. Juu kidogo kulikuwa na njia nyingine, isiyofika kidimbwini kabisa. Sikwenda. Sitaki kukudanganya: nilifanya makusudi kutokwenda.

Jumamosi walichelewa kuanza, wakisubiriana. Mimi nilikuwa nyuma ya wote. Tulipofika kwenye kona, saa saba mchana tena, mzigo ulikuwa umehamia katikati ya njia. Dada mmoja akauliza ni wa nani.

"Wezi hawa hawaishi," Mzee Sadiki akasema, akainama kuusogeza.

Sijui aliunyanyuaje peke yake. Tuliona tu uko kichwani mwake, maji yanamtiririka usoni, naye anasema, "Nitueni." Tukavuta wanaume wanne. Haukutoka. Akaanza kutembea. Aliifuata njia yangu yote, kitambaa kwa kitambaa, akarudi, akaanza upya, sisi tukimfuata na kumbembeleza. Mzunguko wa tatu, pale kwenye kona, akaanguka. Kuni zikatawanyika, kavu kabisa.

Hakufa. Yuko Kawe, shingo imezama mabegani. Kila siku jua likifika utosini anaizunguka nyumba yake mara tatu, mikono juu, ameshika kitu ambacho mimi na wewe hatukioni, na anawaomba wapita njia wamtue. Wanawe wamejaribu hospitali, maombi, dua. Wapi!

Na mimi? Viganja vyangu havikauki. Navifuta, vinalowana tena. Watu siku hizi wananisalimia kwa mbali. Nadhani najua kwa nini havikauki. Mama alipoomba nilimtua kweli. Mzee alipoomba nilivuta kwa mikono tu, na nikaona raha.

Kwa hiyo wewe unayepanga matembezi msituni, kabla ya kufunga kitambaa cha kwanza, kaulize getini nani aliwahi kuzungushwa kwenye njia hiyo. Ukikutana na mwenye mzigo, mtue. Ila kama wewe ndiwe uliyewahi kumtwisha mtu kwa ukatili, geuza, rudi nyumbani. Zile kuni tuliziacha zimetawanyika. Nilipopita getini juzi, mama wa chai aliniambia zimeshafungwa mzigo tena, na vitambaa vyangu bado viko mitini.