Nilimfanya Dada Yangu Atoe Ushuhuda Kabla Hajapona

Nilimuua dada yangu kwa kimbelembele. Msinipe pole, sitaki. Pole ni ya mtu mwenye akili aliyeteleza. Mimi nilikuwa mpumbavu mwenye tai.

Miaka ya elfu mbili ikianza, nilikuwa mwalimu wa Kiingereza huko Kola. Karatasi yoyote ya Kizungu ikiingia kijijini ililetwa kwangu niisome, na kichwa kilinivimba, jameni!

Dada yangu Mumbua, muuza maharagwe pale sokoni, alikuwa na saratani ya damu. Daktari mmoja wa Nairobi, mama mtafiti, alikuwa akimpa tembe za bure za kumeza kila siku, na kuandika habari za wagonjwa wake kwenye majarida ya madaktari. Mumbua akanenepa tena. Akarudi sokoni kugombana na wateja kama zamani.

Siku moja akaniletea makala ya huyo daktari. "Mwanaa mwaitu," akasema, maana ndivyo sisi Wakamba huitana tuliozaliwa tumbo moja, "hebu nisomee. Ameandika nini juu yetu?"

Nikasoma ukurasa wa kwanza. Damu ya wagonjwa wengi imerudi kuwa ya kawaida. Basi, hapo nikafunga! Kurasa zingine zilikuwa michoro na maneno marefu ambayo, haki ya Mungu, sikuyaelewa. Lakini niseme mwalimu ameshindwa na Kiingereza? Wapi!

"Umepona," nikamwambia.

"Lakini daktari alisema nisiwache dawa."

"Amesema hivyo, na ameandika hivi. Wewe unaamini mdomo ama maandishi?"

Jumapili iliyofuata nikaandaa ibada ya shukrani. Mbuzi akachinjwa. Mjue nilikuwa nanyemelea uenyekiti wa wazee wa kanisa, na ushuhuda kama huo ni kura tupu. Mumbua akasimama mbele, akashuhudia kwamba amepona, akamkabidhi mchungaji mkebe wa tembe zake. Vigelegele, makofi, akina mama wanalia! Hakuna hata mmoja aliyeuliza swali. Kondoo wote, na mimi ndiye niliyekuwa mbele.

Sasa sikieni ubaya wake. Kwetu ukishatoa ushuhuda mbele ya watu, huwezi kurudi nyuma. Kumeza dawa tena ni kumfanya Mungu mwongo. Kwa hivyo Mumbua alipoanza kulowa jasho, na tumbo kuvimba upande wa kushoto, alijifunga leso mbili lisionekane. Alipokuja kuniambia kwamba anaumwa, nilimwambia asiniaibishe. Nilikuwa nimeshapata kiti. Kiti cha mbao! Ptuu!

Tulipomrudisha Nairobi alikuwa wa kubebwa. Daktari akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, ile makala si ulisoma?"

"Nilisoma."

"Mpaka mwisho?"

Akafungua kurasa za nyuma, akanieleza polepole kama mtoto wa darasa la kwanza: aliyewacha tembe, ugonjwa ulimrudia.

"Ni nani alimwambia awache?"

Na mimi, mwenyekiti wa wazee, nikajibu, "Ni yeye mwenyewe, daktari. Huyu ni mkaidi tangu utotoni."

Mumbua alikuwa amelala hapo hapo, anasikia kila neno. Akaniangalia. Kisha akamwambia daktari, "Ndio. Ni mimi."

Kwenye mazishi nilisoma wasifu wake. Watu wakanisifu eti nimesoma vizuri.

Baadaye daktari alitoa makala nyingine. Hiyo niliimaliza yote, kamusi mkononi. Dada yangu yumo, bila jina: mgonjwa mmoja aliacha dawa kwa hiari yake, akafariki.

Hiari yake!

Nyinyi wenye tai mnaosoma mistari miwili na kuanza kuhubiri, nawajua, mmejaa kila kanisa na kila baraza. Kama hujaelewa, sema hujaelewa, hakuna atakayekufa. Na mgonjwa akikwambia daktari amekataza, funga domo lako.

Madaktari wa nchi za mbali wanasoma mpaka leo kwamba dada yangu alijikatalia dawa. Daktari wake yuko hai, na namba yake niko nayo. Sijampigia.