Mume Wangu Anawauzia Walevi Dawa Niliyowapimia Panya

Admin, jina langu lifiche kabisa. Sema tu ni mama wa miaka thelathini na moja, mzaliwa wa Kathonzweni, nimeolewa Kabati. Nina hasira mpaka chakula hakishuki.

Nasomea mambo ya dawa chuoni. Utafiti wangu ulikuwa juu ya mti mmoja wa huku kwetu, ule akina nyanya huchemsha mizizi yake mtu akigeuka macho manjano. Nilikuwa nawapa panya ile dawa kwanza, siku kadhaa, halafu nawapa sumu ya kuharibu ini. Ndivyo jaribio hufanywa. Maini ya waliokunywa dawa yaliharibika kidogo kuliko ya wenzao. Nilifurahi, nikamweleza mume wangu tukila. Ningejua ningefunga mdomo!

Kumbe yeye alisikia tu dawa kwanza, sumu baadaye. Sasa anachemsha mizizi kwa sufuria yangu ya kupikia muthokoi, anajaza chupa kuukuu za soda, anawauzia walevi. "Piga kikombe asubuhi, jioni kunywa pombe yako bila wasiwasi. Ini limevaa koti la mvua." Picha yangu nikiwa na koti jeupe ameibandika kwa kila chupa. Na huyu ni mzee wa kanisa, jameni! Huko kanisani anasema ni ya wagonjwa. Ananuka mizizi mpaka kitandani.

Nilimwambia, "Baba watoto, wale panya hawakupona. Wote tuliwachinja ndio tuone maini. Na hakuna binadamu amewahi kupimwa na hii kitu."

Akanijibu, "Wewe mama, mbona unaonea wivu baraka ya nyumba yako?" Akaendelea kufunga chupa.

Kinachoniua ni ndugu yangu mdogo, kitinda mimba wa mama yetu. Alikuwa ameacha pombe karibu mwaka mzima. Alipopewa hiyo dawa na shemeji yake akairudia pombe, tena kwa nguvu. Wiki jana nilimkuta Makindu, macho manjano, tumbo limefura, miguu imekonda. Nikampigia mume wangu nikilia. Mnajua alisema nini? "Mwambie aongeze kipimo." Ptuu!

Nilimshika ndugu yangu mkono twende hospitali, akaniponyoka. Mume wangu amemnunulia suti, Jumapili hii wasimame pamoja mbele ya kanisa, atoe ushuhuda kwamba dawa imemponya. Nikisimama niwapinge, ndoa yangu imeisha na mama mkwe atanifukuza nyumbani pamoja na watoto wangu. Nikinyamaza, kila mgonjwa pale kanisani atainunua, na ndugu yangu ndiye wa kwanza kuzikwa.

Nilimfuata ndugu yangu nikamsihi, nikapiga magoti pale steji ya matatu watu wakiniangalia. Akanitazama na hayo macho yake akasema, "Dada, panya uliwapa. Mimi ndugu yako mbona unaninyima?"

Wenzangu, Jumapili ni kesho kutwa. Mngekuwa mimi, mngesimama?